Rupia Zilizobomoa Baa ya Shangazi

Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai ambacho sikumbuki kama nilikimaliza. Uliandikwa na binti aliyekuwa mpishi katika baa ya marehemu, na ambaye ni mtoto wa kaka yake. "Shangazi amefariki alfajiri. Ni presha. Tunazika kesho nyumbani. Kaka, tafadhali usije." Nimeandika safu hii kwa miaka mingi na nimewaaga humu watu wa kila namna: wavuvi, walimu, fundi saa, muuza kahawa. Kwa kila mmoja wao nilifika msibani, nikakaa mkekani na wenzangu, nikatia mchanga kaburini. Huyu wa leo nimekatazwa kumzika. Sikubishana na binti huyo wala sikumwomba anifikirie, kwa kuwa najua nilichofanya. Ninyi mnaonisoma kila Jumapili mnastahili kukijua pia, maana mlikuwapo kilipoanza. Jina la marehemu sitalitaja. Nitasema alizaliwa upande wa Mtama, na zaidi ya hapo sitasema, na mkisoma hadi mwisho mtaona sababu.

Baa yenyewe wengi mliijua. Ukitoka Nangurukuru kuelekea Kivinje kulikuwa na jengo la mawe na chokaa, kuta zake nene kiasi kwamba mtu mzima aliweza kulala dirishani na miguu isitokeze. Lilijengwa kuwa ghala la pamba wakati wa Mjerumani, pamba ile ambayo babu zetu walilazimishwa kuilima mpaka wakafika mahali wakakataa. Baadaye likawa duka la mfanyabiashara mmoja wa Kivinje, kisha stoo ya chumvi, kisha likakaa bure na popo wake, hadi mama huyu alipolipanga kwa wenyewe akiwa bado kijana, hana mume wala mtaji wa maana. Alikuwa Mkristo kutoka bara, mwanamke peke yake, akauza pombe katika mji wa Waislamu wa tangu na tangu. Mtu angetegemea afukuzwe ndani ya mwaka mmoja. Hakufukuzwa. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama alifunga baa mwezi mzima, akahamishia masufuria yake Nangurukuru na kupika tambi, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi kwa ajili ya waliofunga, na wazee waliokuwa hawampi mkono siku za kawaida walituma wajukuu wao na bakuli. Mpishi wake alipokuja kufanya kazi pale alimwita Shangazi kwa sababu kweli alikuwa shangazi yake. Sisi wateja tulimwazima neno hilo, na baada ya muda hapakuwa na mtu kati ya Somanga na Lindi aliyemwita kwa jina jingine.

Kabla ya lami na kabla ya daraja la Rufiji, masika yalipokuwa yakikata barabara, malori ya kwenda na kutoka Dar es Salaam yalipanga foleni Nangurukuru kwa wiki nzima, mara nyingine wiki tatu. Madereva na matingo wao, wale vijana wa kuwasaidia njiani, hawakuwa na pa kwenda ila kwa Shangazi. Hapo ndipo baa ilipopata hadithi zake. Iliwahi kukwama pale gari iliyobeba vyombo vya bibi harusi wa Lindi, kitanda cha mninga, kabati la vioo na godoro lililofungwa nailoni. Mvua zilipozidi madereva walikishusha kile kitanda, wakakiweka kwenye chumba cha nyuma, wakawa wanalala kwa zamu, wanne usiku na wanne mchana, na Shangazi ndiye aliyeshika orodha ya zamu. Habari zikamfikia bibi harusi. Akaja kutoka Lindi juu ya trekta, matope hadi magotini, kudai kitanda chake. Alikuta shuka zimefuliwa, zimenyooshwa, na wanaume thelathini wamesimama mstari kumwomba radhi. Wanasema alicheka hadi akakaa chini. Wapo wanaosema kwamba harusi ilifungwa palepale. Shangazi alisema hapana, waliocheza ngoma ni madereva tu, bibi harusi alikula wali akarudi na trekta lake.

Kulikuwa na ile ya simba pia. Miaka simba walipokuwa wakishuka kutoka porini na kula watu, mteja mmoja alitoka barazani kwenda kujisaidia, akamkuta mnyama amelala kwenye ngazi, akadhani ni mbwa wa jirani. Akampiga teke na kumwambia aende kwao. Mnyama akainuka, akamtazama, akaondoka polepole kuelekea minazini. Asubuhi watu waliona nyayo kubwa kama sahani. Yule bwana aliacha pombe tangu siku ile, lakini hakuacha kuja baa, maana kila mgeni alitaka kuisikia hadithi kutoka kinywani mwake na kumnunulia soda. Na kulikuwa na chupa ya bia iliyobaki nusu, imefunikwa kizibo, juu ya rafu nyuma ya kaunta. Dereva mmoja aliiacha asubuhi barabara ilipofunguliwa, akasema, "Shangazi, usiimwage. Nikirudi naimalizia." Hakurudi. Wengine walisema lori lake liliingia mtoni, wengine walisema ameoa Tunduru na ana watoto saba. Shangazi aliifuta vumbi kila Jumamosi na hakumruhusu mtu kuigusa.

Mimi nilikuwa mteja wake wa miaka kumi na kitu. Nilikuwa nikishuka pale kila niliposafiri kwenda kusini, na msimu wa mabibo nilikuwa na sababu zaidi, kwa kuwa uraka wake, ile pombe nyepesi ya mabibo ya korosho, haukuwa na mfano. Nilimwambia siku moja kwamba nataka kuandika juu ya baa za zamani za pwani yetu, kwa sababu zinakufa moja baada ya nyingine na hakuna anayezililia. Misikiti ina wa kuiandika, makanisa yana wa kuyaandika, hata magofu ya Kisiwani yana wageni wanaokuja na kamera zao. Baa mtu anaionea haya hata kama ndimo alimopatana na fundi aliyemjengea nyumba. Alifurahi. Ilikuwa mchana wa joto, baa tupu, mpishi anapaa samaki nje. Akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akanisimulia yote niliyowasimulia hapo juu. Halafu akacheka peke yake na kusema ipo moja nyingine.

Akaniambia kwamba wazee wa Kivinje walikuwa wakisema Mjerumani aliyelisimamia ghala lile, aliposikia Mwingereza anakuja, alichimbisha shimo katikati ya sakafu akafukia sanduku la rupia za fedha. Akawaua waliochimba, akakimbia, hakurudi. "Mwenye nyumba wa kwanza aliniambia hayo siku ananikabidhi ufunguo," alisema. "Nikamuuliza, sasa mbona wewe hukuchimba? Akasema alichimba, baba yake naye alichimba, hawakupata hata sindano. Mimi nimelala juu ya sakafu hii miaka yote, kama kungekuwa na fedha chini ningeshaota angalau mara moja." Tukacheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka, akaweka kiganja chake juu ya daftari langu.

"Za madereva andika, ya simba andika. Hii ya rupia usiandike."

"Kwa nini, Shangazi? Hii ndiyo tamu kuliko zote."

"Kwa sababu hii watu wataiamini."

Nilimwambia sawa. Nakumbuka vizuri kwamba nilimwambia sawa.

Wiki iliyofuata nilikaa mezani kuandika, na makala yakawa yananikatalia. Kitanda cha bibi harusi kilikuwa kizuri, simba alikuwa mzuri, lakini palikosekana kitu cha kuyafungia. Kila mwandishi anaijua hali ile, saa zinakwenda, mhariri anapiga simu, na kichwani kuna jambo moja tu linalofaa, nalo ndilo uliloambiwa usiliguse. Nikajidanganya kwamba nikiliandika kwa mzaha, nikasema wazi kwamba ni porojo za wazee, hakuna atakayelitilia maanani. Nikaliandika. Nikaweka hata mahali, katikati ya sakafu, hatua saba kutoka mlangoni. Hizo hatua saba hakunipa Shangazi. Nilizitunga mwenyewe kwa sababu sentensi ilizihitaji.

Mlinipongeza sana Jumapili ile. Sijawahi kupata ujumbe mwingi kama nilioupata kwa makala yale. Lakini kufika Jumatano kuna mtu alikuwa ameikata aya ya rupia peke yake, ameipiga picha, akaiunganisha na picha ya jengo, na ikawa inazunguka katika makundi ya simu kutoka Lindi hadi Masasi. Maneno yangu ya kwamba ni porojo hayakuwamo. Watu wa kusini hamhitaji nieleze jambo hili. Kila mlima wenye jiwe la ajabu una mtu anayesema Mjerumani alificha mali, na katika kila wilaya wapo waliouza shamba la mikorosho ili wanunue mashine ya kupimia madini na kumlipa mganga. Ni ugonjwa wetu, na unawashika zaidi watu waliochoka kungojea bei ya ufuta na korosho. Mimi nilijua haya yote. Nimewahi hata kuwacheka katika safu hii.

Wa kwanza walikuja watatu na gari, wakaagiza soda, wakawa wanagonga sakafu kwa visigino na kusikiliza. Akaja mwingine na mganga aliyenyunyiza unga kizingitini. Vijana wakaja makundi makundi, wakahesabu hatua saba kutoka mlangoni, wakabishana kama ni hatua za mtu mrefu au mfupi. Shangazi alinipigia simu. Hakupandisha sauti. "Mwandishi, umeandika nini?" Nikamwomba radhi, na kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuiacha radhi isimame peke yake, nikaongeza, "Itapita, Shangazi. Wiki ijayo watakuwa na jambo jingine." Akasema, "Haya, baba," akakata.

Haikupita. Jengo lilikuwa mali ya warithi wa yule mfanyabiashara, watu waliokuwa Dar es Salaam na ambao kwa miaka mingi walimwachia Shangazi kila kitu, bati likitoboka ni lake, ukuta ukipasuka ni wake. Mmoja wao akatokea ghafla na mkoba na miwani ya jua, akamwamkia, "Shikamoo Shangazi," akamwambia anaomba jengo kwa wiki mbili tu, kuna ukarabati. Shangazi akaitika marahaba, akamwambia ukarabati anaoutaka unahitaji kwanza aukarabati moyo wake, na kwamba hatoki. Kijana akaenda zake. Akangoja. Mwezi haukwisha, mama yake Shangazi akafariki kule kijijini. Alifunga baa, akachukua mpishi wake, akapanda basi kwenda kuzika.

Msiba ule niliuhudhuria. Nilikwenda kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilitaka anione. Alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha karibu na kaka yake, nikala pamoja nao. Siku ya tatu jirani wa Nangurukuru akampigia simu. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Nilimwona anasikiliza, anasema "ndiyo" mara kadhaa, kisha anakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale, na kaka yake anamuuliza kuna nini.

"Wanachimba," alisema.

Tulirudi naye siku iliyofuata. Kaunta ilikuwa nje, imelazwa ubavu kwenye mchanga. Friji nje, viti nje. Ndani ya baa kulikuwa na shimo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake kichwa hakionekani, na si moja, yalikuwa manne, kwa sababu baada ya hatua saba kukosa kitu walijaribu nane, na tisa, kisha wakafuata ukuta na kuuchimba chini yake. Wachimbaji walikuwa wamekwishaondoka. Juu ya kifusi waliacha walichokipata: vizibo vya chupa, mfupa wa ng'ombe, na jiwe moja la mizani la chuma lililoliwa na kutu, la kupimia pamba. Chupa ya yule dereva ilikuwa imevunjika. Shangazi aliokota vipande vyake kimoja kimoja akiviweka kwenye upande wa khanga yake, na mpishi akawa anamwambia, "Shangazi, acha, utajikata," naye anaendelea kuokota kama hasikii.

Nilimfuata yule mrithi kwa simu, hakupokea. Nikaenda ofisini kwa mtendaji wa kata nikimtaka achukue hatua. Alikuwa mtu mstaarabu, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua simu yake akanionyesha picha ya aya ile.

"Ndugu mwandishi, haya si maneno yako?"

"Ni yangu. Lakini niliandika kwamba ni porojo."

"Hapa hakuna porojo. Hapa kuna hatua saba." Akaizima simu. "Mwenye jengo anasema alichimba kwake, na wewe ndiye uliyemwambia pa kuchimba. Nikianza kukamata, nianze na nani?"

Jumapili iliyofuata niliandika makala ya kukanusha. Niliandika kwa herufi za kawaida, bila mzaha, kwamba hakuna rupia, hakujawahi kuwa na rupia, na hatua saba ni uongo wangu. Hakuna aliyeyakata wala kuyapiga picha. Mhariri aliniambia kwa upole kwamba yalikuwa makala yangu yaliyosomwa na watu wachache kuliko yote. Masika yakaja, maji yakajaa mashimoni, na ukuta uliochimbwa chini yake ukaanguka mchana mmoja pamoja na nusu ya paa. Bahati ni kwamba Shangazi alikuwa ametoka kuteka maji.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hasara ya kutosha kwa mtu mmoja. Lakini mashimo yalipokosa fedha, watu hawakusema hakuna fedha. Walisema fedha zimehamishwa. Wakaanza kukumbushana kwamba siku chache kabla ya kuchimba mwanamke yule alisafiri kwenda bara, eti kuzika, na kwamba alikuwa na mzigo. Wakasema na mwandishi mwenyewe alikuwapo kule msibani, alionekana kwa macho. Alikwenda kufanya nini kama si kuchukua fungu lake? Hapo ndipo msiba nilioufuata kwa mapenzi ukageuka ushahidi. Kijijini jamaa wakaanza kuja kwa kaka yake kuuliza fungu la ukoo. Binamu waliokuwa hawajaonekana miaka mingi wakaja na hesabu ya madhila yao. Kaka mtu mwenyewe, baba yake mpishi wetu, alimwita dada yake akamuuliza mbele ya wazee kama kuna kitu anamficha, na dada yake akainuka akaondoka, na wakakaa karibu mwaka mzima hawasemeshani. Kisha ikatokea asubuhi moja wakakuta udongo wa kaburi la mama yao umefukuliwa upande wa miguu. Aliyekuwa akitafuta fedha humo alikurupushwa kabla hajafika kwenye jeneza, lakini tangu siku ile familia ililinda kaburi kwa zamu. Ninawaomba mliofika hapa msome sentensi hiyo tena. Watoto na wajukuu wa bibi yule, wenye mashamba ya kulima na watoto wa kupeleka shule, walikaa kwa zamu kulinda mifupa ya mzazi wao kutokana na hatua saba nilizozitunga mimi mezani.

Mara ya mwisho nilimwona Somanga. Alikuwa amehamia pale na mpishi wake, wana karai la mafuta na turubai kando ya barabara, wanakaanga samaki kwa abiria wa mabasi. Nilishuka bila kumwarifu. Alikuwa amekonda na mguu mmoja umevimba. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda na samaki kwenye sahani, akamwambia mpishi alete ndimu. Nikala kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi safari nzima, yakanitoka vibaya. Nilimwambia nitamtafutia chumba Nangurukuru, aanze upya, nitamchangishia kwa wasomaji wangu.

"Usiniandike tena, baba," alisema. Alikuwa anageuza samaki na hakuniangalia. "Ukiandika Shangazi anahitaji chumba, watasema anahitaji chumba cha kuficha."

"Basi niambie nifanye nini."

"Sijui. Ningejua ningekuwa nimekwishafanya mwenyewe." Akapunguza kuni. "Mwanzoni nilikuwa nakasirika usiku. Najiuliza, kwa nini amefanya? Halafu nikaona hapana, kosa nalijua. Nilikusimulia kwa sababu siku ile nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha anafungua mdomo. Sasa wakija hapa wateja wakiniuliza habari za zamani, za simba, za madereva, nasema sizijui. Hata huyu binti," akamwonyesha mpishi kwa mwiko, "ananiomba nimsimulie, siwezi. Zimenikauka. Nikianza ile ya kitanda naona shimo."

Basi likapiga honi. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, nikalitambua gazeti ni la kwetu, sidhani kama alifanya makusudi. Huo ndio mwisho wetu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, nami ningefurahi kama wangu ungeponza kichwa changu. Bado nina kazi, nina safu, na sakafu ninayolala juu yake haijachimbwa na mtu.

Siku ya mazishi nilikaa nyumbani kama nilivyoambiwa. Nilijua sasa kwamba binti yule hakuniandikia vile kwa chuki. Mwandishi wa rupia akionekana kwenye kaburi jipya la familia ileile, kabla ya arobaini watakuja na majembe. Jioni alinipigia simu mwenyewe, na nikamshukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Alisema wamemzika salama, kwaya iliimba, baba yake alilia na kusema mbele ya watu kwamba alimkosea dada yake. Nikamuuliza wamemlaza wapi, nikajirudi haraka nikamwambia asinijibu.

"Hata ungekuja usingepaona," alisema. "Hatukuacha tuta. Baba amesawazisha ardhi, keshokutwa tunapanda mihogo juu. Msalaba umechongwa, una jina lake, ila uko ndani, nyuma ya mlango."

"Mtauweka lini?"

"Baba anasema watu wakisahau." Nilisikia kuku wa kwao. "Kaka, wewe unawajua watu wa magazeti. Watasahau lini?"

Nimetafuta jibu la swali hilo siku zote hizi hadi leo ninapoandika. Nimejifunza kwamba mtu akikusimulia maisha yake amekuazima, na akisema hili usilitoe, yeye ndiye anayejua litakalomrudia. Mwandishi analala salama umbali wa kilomita mia tatu, na hadithi inabaki na mwenyewe usiku kucha. Somo hilo ni langu na nimelilipia kwa mali ya mtu mwingine, na sioni namna ya kulirudisha. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika hapa nawaomba kinyume cha kile ambacho mwandishi huwaomba wasomaji wake. Kama mna picha ya ile aya kwenye simu zenu, ifuteni. Mtu akianza kuwasimulia habari za sanduku la Mjerumani, mwambieni aliyezitunga hatua saba amekiri, kisha badilisheni mazungumzo. Msimtafute mama huyu, msiulize ni wa kijiji gani, msije mkaenda hata kwa nia ya kumwombea. Msahauni upesi iwezekanavyo, ninyi nyote, ili nyumbani kwao waweze kuutoa msalaba nyuma ya mlango.